Ukarimu Halisi, Usiochakachuliwa

IJULIKANE KWA WASAFIRI WOTE, WA KARIBU NA WA MBALI, YA KWAMBA KATIKA SHAMBA HILI LA GORTNALEHA HUTOLEWA UKARIMU HALISI WA KIAIRISHI, SAFI, USIOCHAKACHULIWA, KAMA TULIVYOURITHI KWA MABABU ZETU.

Hayo yaliandikwa kwa rangi ya dhahabu juu ya ubao wa kijani, ubao ukasimikwa getini, na Assumpta Twomey, mama mwenye nyumba, akarudi nyuma hatua chache, akautazama, machozi yakamlengalenga. Tangazo lile tukufu liliishi asubuhi moja tu. Kabla ya chakula cha mchana, ng'ombe aitwaye Philomena alikuwa amekwisha kulilamba herufi zote, amejikunia shingo kwenye nguzo yake, na amelilaza kifudifudi katika samadi aliyoitoa yeye mwenyewe, bila kuombwa na bila kudai malipo.

"Ng'ombe gani huyu!" Assumpta alifoka, akiuvuta ubao kwa ncha za vidole. "Wenzake wanakula majani, yeye anakula matangazo!"

Binti yake, Doireann, alikuwa ameegemea ukuta wa mawe, uso wake mpole kama wa mtakatifu kwenye dirisha la kanisa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na sita, amerudi likizo ya kiangazi kutoka shule ya bweni ya masista. Huko shuleni walimu walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba uso ule ukionekana, yafaa mtu aende haraka akakague kengele, vitasa na sufuria la uji.

"Pole, Mama," alisema. "Labda hakuipenda rangi."

"Kesho mkaguzi anakuja, na wewe unanitania!"

Chanzo cha mkaguzi huyo kilikuwa chai.

Katika milima ile mgeni akiulizwa kama atakunywa chai, husema hapana. Akiulizwa tena, husema ametoka kula sasa hivi. Akiulizwa mara ya tatu, hutazama saa. Hapo mwenyeji humwambia, "Utakunywa," naye hunywa, na mkate humaliza. Anayekubali mara ya kwanza huonekana hakulelewa, na anayemwamini mgeni anaposema hataki huonekana bahili, na sifa yake hiyo hufika kanisani kabla yake mwenyewe. Hakuna aliyewahi kufundishwa haya, kama vile hakuna aliyefundishwa kupiga chafya.

Sasa mwezi uliopita walikuja mtu na mkewe kutoka Uholanzi. Waliulizwa kama watakunywa chai, wakasema hapana, na, ajabu ya maajabu, walikuwa na maana ya hapana. Mama mkwe wa Assumpta, Bibi Gobnait, aliyezaliwa katika nyumba ya jirani na kuolewa katika nyumba hii, aliwanywesha mpaka buli likakauka. Waholanzi walirudi kwao wakalalamika kwa Jumuiya ya Mashamba ya Wageni kwamba bibi kizee wa Gortnaleha haelewi neno hapana. Jumuiya nayo ikampa Bwana Ultan Prendergast wa Dublin kazi ya kuja kuangalia kama nyumba ile inastahili kubaki kwenye orodha yake.

Wasipobaki, wageni hawatakuja. Wageni wasipokuja, Assumpta alikuwa amekwisha kuamua: shamba litakodishwa kwa jirani, Philomena na wenzake watauzwa, na familia itahamia ghorofani mjini Cork, ambako Bibi Gobnait atapewa dirisha linalotazamana na dirisha lingine. Baba yake Doireann, dereva wa lori la masafa marefu, alikubali kwa simu kutoka mahali fulani Ufaransa. Bibi Gobnait hakuulizwa, maana jibu lake lilijulikana.

Jioni hiyo mezani Assumpta alisoma amri za kitabu cha Jumuiya kwa sauti ya kasisi.

"Mgeni apokelewe kwenye mlango wa mbele, kwa muziki wa kinubi."

Vijiko vikasimama hewani. Hata mbwa, aliyeitwa Askofu kwa sababu ya doa la zambarau lililokuwa kifuani mwake, aliacha kujikuna.

Mlango wa mbele wa Gortnaleha haukuwa mlango wa kuchezea. Watu wote hupita mlango wa uani, bila kubisha hodi, wakiongea tangu wakiwa nje. Wa mbele ulikuwa wa kasisi anayeleta mafuta ya wagonjwa, wa wachuuzi wa bima, na wa majeneza. Wa mwisho kuupita alikuwa Batt, babu yake Doireann, juu ya mabega ya majirani.

"Mlango ule ni wa watu tusiowajua na wa maiti tunaowajua," alisema Bibi Gobnait. "Ukimpitisha mtu pale unamwambia, wewe si wa kwetu. Ndio ukarimu huo?"

"Mama, kitabu kinasema..."

"Hicho kitabu kimezaliwa lini?"

"Na chai," Assumpta aliendelea, akishikilia kitabu kama ngao, "ataulizwa mara moja. Akikataa, tunanyamaza."

Bibi Gobnait aliweka kisu chake chini.

"Assumpta, mwanangu. Umri wangu wote sijamtukana mtu chini ya paa hili. Sitaanza kesho kwa kumwamini mtu anaposema hataki chai."

"Basi tuhamie Cork!" Sauti ya Assumpta ilipasuka. "Unadhani mimi naipenda hiyo ghorofa? Unadhani nilipaka rangi vyumba vyote peke yangu kwa kupenda harufu yake? Nataka tubaki hapa, Mama. Nifanyeje?"

"Mimi nyumba hii nitatoka mara moja tu. Nitatoka kwa mlango wa mbele, na nitakuwa nimelala. Anayetaka kunitoa kabla ya hapo aje na winchi."

Assumpta alianza kulia, si kwa kelele, bali kwa kukunja upya leso za mezani zilizokuwa zimekwisha kukunjwa. Bibi Gobnait alimtazama kwa muda. Kisha akasema, kwa sauti laini ajabu, "Haya. Habari ya chai nitaifuata sheria yako. Neno kwa neno."

Doireann aliinua kichwa. Sauti ile aliijua. Ilikuwa sauti yake mwenyewe anapomwambia Sista Mkuu, "Ndiyo, Sista, nimeelewa kabisa." Kumbe ndiko alikoirithi.

Lakini habari ya mlango hakuna aliyeahidi lolote. Doireann alilala akiwaza jambo hilo kwa uzito unaostahili. Bibi alikuwa amesalimisha chai ili nyumba ipone. Mlango wa babu nao ulikuwa haujapata wa kuutetea. Kulipokucha, mama yake alipokwenda kuwanywesha ndama maziwa, Doireann alichukua bisibisi ya baba yake na skrubu ndefu za zizini, akaufunga mlango wa mbele kwa upande wa ndani, juu, chini na katikati. Vichwa vya skrubu alivifunika kwa kinyunga cha mkate kilichochanganywa na siagi na kakao, kikawa na rangi ileile ya mbao. Alirudi nyuma, akaitazama kazi yake, naye machozi yakamlengalenga. Ilikuwa kazi ya fundi.

Bwana Prendergast aliwasili pamoja na mvua. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa koti lililopigwa pasi hata kwenye kola, na viatu ambavyo havijawahi kukutana na ng'ombe. Assumpta, ndani ya gauni lake la harusi za watu, aliwasha spika, kinubi kikaanza kulia, akashika kitasa kwa mikono miwili.

"Karibu, Bwana Prendergast! Karibu katika ukarimu hal..."

Mlango haukufunguka.

"Nisukume?" iliuliza sauti kutoka nje.

"Sukuma, bwana!"

"Nasukuma!"

"Basi usisukume, mimi ndiye ninayevuta!"

"Hapa mvua inaniingia shingoni, mama!"

"Vumilia kidogo! Ni mbao! Mbao za zamani huvimba!" Assumpta aliuegemeza mguu ukutani akavuta, gauni likalia mahali fulani mgongoni. Kinubi kiliendelea kumwaga utulivu wa kale. Jikoni, Bibi Gobnait hakuinua macho kutoka kwenye mkate aliokuwa akiutoa kwenye jiko, ila mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Zunguka uani, bwana!" hatimaye Assumpta alipiga kelele, kwa sauti ya mtu anayejiandikia hukumu.

Uani palikuwa na matope, samadi, na bata bukini dume asiyetambua vyeo. Kilisikika kishindo, kikafuata kilio, kisha neno moja ambalo halimo katika kitabu cha Jumuiya. Mlango wa uani ukafunguka, Bwana Prendergast akasimama kizingitini, maji yakimchuruzika, kiatu kimoja kimebadilika rangi, na mkia wa koti lake ukiwa na alama ya mdomo wa bata.

Bibi Gobnait alimwambia maneno anayomwambia kila anayeingia pale tangu dunia iumbwe.

"Umefika. Funga mlango, unaingiza baridi. Msogeze huyo mbwa ukae."

Naye akafunga, akamsogeza Askofu, akakaa. Doireann, aliyekuwa amejificha nyuma ya kazi ya kumenya viazi, aliona mabega ya mtu yule yakishuka, kana kwamba mtu amemvua koti ambalo hakujua amelivaa.

Kisha Assumpta akaingia mbio, akajipanga nywele, akatabasamu tabasamu la kitabuni.

"Utapenda chai, Bwana Prendergast?"

"A-a, hapana, mama. Usijisumbue."

"Sawa kabisa," alisema Assumpta, akakiondoa kikombe.

Doireann alikuwa amewahi kuuona uso kama ule wa mkaguzi mara moja tu, siku Sista wa hesabu alipokalia kiti kilichokuwa kimehamishwa. Bwana Prendergast alikitazama kikombe kikienda zake kabatini.

Bibi Gobnait alikata mkate wa magadi, ukatoa moshi. Akapaka siagi. Akajimiminia chai, akatia maziwa, akakoroga taratibu, na kijiko kikagonga ukingo wa kikombe kama kengele ya misa. Hakusema neno. Alikuwa anaifuata sheria.

"Barabara ya kutoka Dublin ni ndefu," alisema Bwana Prendergast.

"Ndivyo tunavyosikia," alijibu Bibi Gobnait, akitafuna.

"Nilitoka kabla ya kifungua kinywa."

"Wapo wanaosema ni afya."

Mvua ilipiga dirishani. Mkaguzi alizisugua nyayo zake.

"Huo mkate... ni wa leo?"

"Wa leo. Una moto mpaka siagi inakataa kukaa juu yake. Inazama tu. Doireann, njoo ule."

"Asante, Bibi," alisema Doireann, akaja, akaupaka mkate jemu ya matunda ya vichakani hadi ikafurika pembeni, akaung'ata mbele ya macho ya Jumuiya ya Mashamba ya Wageni. Alitafuna kwa unyenyekevu mkubwa. "Bibi, leo umejipita."

"Ni maziwa mgando tu, mwanangu. Ya Philomena. Huyu anayekula mbao."

Assumpta alisimama kando ya sinki, amekishika kitabu kifuani, akiwatazama wote watatu. Alikuwa ameshinda, sheria ilikuwa imefuatwa, wala hakujua kwa nini anajisikia kama mtu aliyemfungia mtoto nje.

"Mama," Bwana Prendergast alisema hatimaye kwa sauti iliyokauka, "kwani hamtaniuliza tena?"

"Nani, sisi?" Bibi Gobnait aliinua nyusi. "Tukuulize tena, kana kwamba hatuelewi neno hapana? Kuna kitabu, bwana."

"Najua kuna kitabu! Mimi ndiye niliyekiandika!"

"Basi hongera. Kinafanya kazi."

"Mama yangu ni mtu wa Leitrim, mashambani kama hapa," alisema yule bwana, na sasa hakuwa mkaguzi hata kidogo. "Ningekubali chai mara ya kwanza angenifukuza kwa ufagio mpaka barabarani. Siwezi kukubali mara ya kwanza. Ulimi hausogei."

"Haya, kitabu kiliandikwa na nani? Na wewe, au na mtu mwingine aliyeazima suruali yako?"

"Nilikiandika kwa ajili ya Waholanzi!"

"Walikataa, na bado wakanywa mpaka buli likakauka. Waulize."

Doireann alidhani sasa Bibi atamaliza kazi. Lakini aliyesogea alikuwa mama yake. Assumpta alikitupa kitabu kwenye kikapu cha viazi, akalifungua kabati kwa kishindo, akatoa kikombe. Na hakukitoa kile cha wageni chenye maua, alikitoa kile chenye ufa, cha kila siku.

"Utakunywa chai," alisema.

"A-a, mama, usijisumbue," alisema Bwana Prendergast, macho yakimng'aa.

"Utakunywa."

"Nimetoka kula sasa hivi..."

"Umekula wapi, mwongo mkubwa wewe? Utakunywa, na mkate utakula, na jemu utapaka!"

Alitazama saa yake. Haikuwa ikifanya kazi, ilijaa maji.

"Basi," alisema. "Tone tu."

Alikunywa tone hilo mpaka birika likajazwa upya na kurudishwa motoni. Alisimulia habari za mama yake, soksi zake zikianikwa juu ya jiko. Akasema Gortnaleha itabaki kwenye orodha, na kwamba ukurasa wa chai atauandika upya kwa mkono wake. Assumpta alikaa kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Bibi Gobnait alimsukumia kipande cha mwisho cha mkate, chenye siagi pande zote mbili, na kwa lugha ya nyumba ile hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

"Limebaki jambo dogo," alisema Bwana Prendergast, akivaa viatu. "Ule mlango wa mbele. Muziki siujali tena. Ila ni mlango wa dharura, nyumba ikishika moto wageni watokee pale. Lazima niuone ukifunguka."

"Mbao zimevimba tu," alisema Assumpta. "Mvua ikikatika..."

Wakaenda ukumbini. Askofu alikuwa amewatangulia. Alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, ameuegemea mlango, analamba kwa ibada. Alikuwa amekwisha kumaliza chini, na sasa alikuwa anashughulikia katikati. Kichwa cha skrubu kiling'aa kikiwa safi kama kijiko cha harusi.

Bwana Prendergast aliinama. Aligusa, akanusa kidole.

"Kakao," alisema polepole. Aliponyooka alikuwa mkaguzi tena. "Mama Twomey, hili si jambo la chai. Mwenye nyumba akiufunga mlango wa dharura kwa makusudi, sina hiari. Lazima niwafute. Ingekuwa utundu wa mtoto, angezitoa hizo skrubu sasa hivi mbele yangu, mlango ukafunguka, yakaisha. Lakini kazi hii ni ya fundi."

Bibi Gobnait alipiga hatua mbele, akanyoosha kidevu.

"Nimefunga mimi."

"Mama, tafadhali fikiri. Ukisema hivyo..." alianza mkaguzi.

"Nimefikiri. Marehemu mume wangu alipita hapa, na sitaki pageuzwe lango la maonyesho. Futa. Andika kwa wino mweusi. Kisha lete hiyo winchi."

Hakutania. Doireann alimtazama bibi yake amesimama pale na aproni yenye unga, mwanamke asiyeweza hata kulifungua kopo la jemu bila kuita mtu, akidai kwamba amekaza skrubu za zizini. Kanuni ya kwanza ya utundu, ambayo Doireann aliitunga na kuitii miaka yote ya bweni, hata siku ya mbuzi kwenye kikanisa, ilikuwa hii: usikiri. Hata wakikukuta na kamba mkononi, usikiri. Uliza kamba ni nini.

Aliuvaa uso wa mtakatifu. Haukukaa. Ulimteleza.

"Bibi anadanganya," alisema. "Bisibisi hajui hata inashikwa wapi. Ni mimi."

"Nyamaza, wewe," Bibi Gobnait alimkemea. "Usiniharibie."

"Ni mimi, bwana. Skrubu nilizitoa zizini. Kinyunga ni changu, na kakao ni wazo langu, nami naona lilikuwa wazo zuri, tatizo ni mbwa. Na sijutii! Mtu akija kwetu apite anakopita mtu. Nitazitoa kwa ajili ya moto, si kwa ajili ya kinubi."

Akaitoa bisibisi mfukoni mwa sketi, akapanda kiti, akaanza kufungua. Skrubu zilianguka moja baada ya nyingine kwenye vigae. Mlango uliguna, ukafunguka, upepo wa mlimani ukaingia ukumbini na harufu ya nyasi zilizolowa. Nje, gari la mkaguzi lilikuwa hatua chache tu mbele yake, njia haina matope na imenyooka.

Bwana Prendergast alikitazama kizingiti. Akamtazama Bibi Gobnait.

"Unafunguka," alisema. "Nimeona. Yameisha." Kisha akageuka, akapita jikoni, akatoka kwa mlango wa uani, akapotelea kwenye matope, na muda si mrefu wakamsikia akimwomba bata msamaha.

Assumpta alibaki amemkazia binti yake macho. Yalikuwa macho ya mama ambaye furaha yake imechelewa kidogo, na kabla haijafika ana nafasi ya swali moja.

"Doireann. Kuna kingine?"

"Kingine kipi, Mama?"

"Doireann."

Bibi Gobnait alikuwa akiufunga mlango wa mbele taratibu, mgongo ukiwa upande wao, mabega yakitikisika tena. Doireann alitazama dari, akamtazama Askofu, ambaye alikuwa analamba sakafu na hakuwa wa msaada wowote, kisha akatazama kupitia dirisha, kule getini ambako ng'ombe mmoja alikuwa amesimama kwenye mvua, amedharauliwa na ukoo mzima.

"Kile kibao cha tangazo," alisema. "Philomena hana hatia. Nilikipaka chumvi."